Kuwafundisha Wachina Kiingereza enzi za Mwingereza: njia ya Hong Kong au ya Singapore?

Walimu wa lugha wakikaa pamoja hawakawii kufika kwenye ubishi uleule: uwaeleze wanafunzi kwa lugha yao ya nyumbani, au uingie darasani na lugha ya kigeni tupu na utoke nayo vivyo hivyo? Kila mtu ana hoja aliyotoka nayo chuoni. Ila ubishi huu una ushahidi wa miaka mingi, nao uko Asia. Katika karne ya 19 Waingereza walitawala bandari mbili zilizojaa Wachina, Hong Kong na Singapore. Kote kuwili wazazi walitaka watoto wao wajue Kiingereza, na mtawala alikuwa yuleyule, lakini shule zilishika njia tofauti. Hong Kong ilifundisha Kiingereza ikiegemea Kichina. Singapore ilifundisha Kiingereza kwa Kiingereza. Baadhi ya waliotoka humo tunawajua kwa majina, na tunajua walibaki na lugha zipi.

Niseme mapema kwamba nina upande. Lakini upande wangu unategemea swali moja ambalo wabishi wengi hawaliulizi: watoto walio mbele yako, wao kwa wao wanazungumza lugha ngapi?

Hong Kong: nusu kwa nusu

Wazo la kugawa siku lilianza kabla serikali haijaingia kwenye shughuli hii. Mwaka 1839, huko Macau, Mmarekani Samuel Robbins Brown alifungua shule ya chama kilichoundwa kumkumbuka mmisionari Robert Morrison, na mwaka 1842 shule hiyo ikahamia Hong Kong. Nusu ya siku watoto walikuwa na mwalimu wa Kichina na vitabu vyao vya Kichina. Nusu nyingine walikuwa na Brown na Kiingereza. Shule haikudumu sana, lakini mmoja wa wavulana wake, Tong King-sing, tutamhitaji baadaye.

Serikali ilifungua shule yake kubwa, Central School, mwaka 1862 katika mtaa wa Gough Street. Aliyeisukuma zaidi ni James Legge, mmisionari wa Kiskoti ambaye alikuwa akivitafsiri vitabu vya Confucius kwa Kiingereza. Mwalimu mkuu wa kwanza alikuwa kijana Mskoti pia, Frederick Stewart, aliyesoma Chuo Kikuu cha Aberdeen. Mwanzoni yeye ndiye alikuwa Mzungu pekee shuleni. Alikaa kwenye kiti hicho hadi 1881, baadaye akapanda hadi kuwa Katibu wa Koloni, na akafia hukohuko mwaka 1889.

Stewart alishikilia kwamba mvulana asiyeijua lugha yake vizuri hawezi kujengewa lugha ya pili juu yake. Kwa hiyo siku iligawanywa: Kichina kilifundishwa kwa uzito wake, na Kiingereza kwa uzito wake. Daraja kati ya vipindi hivyo viwili lilikuwa tafsiri. Mvulana alipewa kifungu cha Kichina akigeuze kuwa Kiingereza, kesho yake anapewa cha Kiingereza akirudishe kwenye Kichina. Tafsiri ilipimwa hata kwenye mitihani, tena kwa pande zote mbili.

Hilo liliwezekana kwa sababu moja rahisi: karibu wavulana wote walizungumza Kikantoni, Kichina cha kusini mwa China. Neno moja la maelezo liliwafikia wote.

Mwaka 1877 akaja gavana mpya, John Pope Hennessy. Alipoitembelea shule hakufurahi. Alilalamika kwamba wavulana wengi wa shule ya serikali hawawezi kuzungumza Kiingereza. Mwaka 1878 ukaitishwa mkutano wa elimu, nao ukaamua kwamba Kiingereza ndicho lengo kuu la shule za serikali. Vipindi vya Kiingereza vikaongezwa, vya Kichina vikapunguzwa. Stewart alipinga, akashindwa.

Hapa nina neno la kusema. Hennessy hakuwa mwongo: wavulana wale kweli walisoma na kutafsiri vizuri kuliko walivyosema. Lakini gavana alipima kwa sikio, tena kwa ziara fupi, na mtu anayekagua darasa la lugha kwa namna hiyo atampendelea daima mtoto mwenye mdomo mwepesi. Wakaguzi wa aina hiyo hawakuishia Hong Kong.

Mshindani wa mtaani

Shule zote hizi zilikuwa na mshindani ambaye hakuwa na ubao wala kengele. Tangu enzi za biashara ya Canton, bandari ya kusini mwa China, kulikuwa na vijitabu vya bei rahisi vilivyomfundisha mfanyabiashara Kiingereza kwa kuandika sauti zake kwa herufi za Kichina. Wachina waliyaita yaliyomo humo maneno ya mashetani wenye nywele nyekundu, yaani sisi na nyinyi tungesema Wazungu. Mtu alijifunza hesabu, majina ya bidhaa na bei, basi, anaingia gatini kufanya kazi. Kiingereza kilichotoka humo kilikuwa cha kuvunjavunja, lakini kililipa.

Shule za Hong Kong zililijua hilo kwa uchungu. Wavulana walikuwa wakiacha masomo mara tu wanapopata Kiingereza cha kutosha ukarani au ukalimani katika kampuni za kigeni, za meli na za bima. Kwa hiyo anayelinganisha njia hizi asijidanganye kwamba mwanafunzi atamaliza. Swali linakuwa: akiondoka katikati, anaondoka na nini mkononi? Aliyesoma kwa tafsiri anaondoka na kitu kinachouzika kesho yake asubuhi, kwa sababu kazi yenyewe iliyomngoja ilikuwa kugeuza barua na maneno kutoka lugha moja kwenda nyingine.

Singapore: Kiingereza kwa sababu nyumbani lugha ni nyingi

Hali ya Singapore na ya dada yake Penang, kisiwa kingine cha Mwingereza katika eneo la Malaya, ilikuwa nyingine kabisa. Penang Free School ilianza mwaka 1816. Singapore Institution, iliyoasisiwa mwaka 1823 na Stamford Raffles, Mwingereza aliyeanzisha koloni la Singapore, ikaja kuitwa Raffles Institution. Anglo-Chinese School ilifunguliwa Machi 1, 1886 katika nyumba ya duka, namba 70 Amoy Street, ikiwa na wavulana 13. Mwanzilishi wake, William Oldham, alizaliwa Bangalore, India, na alikuwa mpima ardhi kabla ya kuwa mchungaji wa Kimethodisti. Wafanyabiashara wa Kichina ndio waliomtaka awafundishe watoto wao.

Sasa simama mlangoni mwa darasa kama hilo. Huyu kwao ni Kihokkien, yule Kiteochew, wa nyuma Kikantoni, na wa dirishani ni mtoto wa familia ya Baba, Wachina waliokaa huko vizazi na vizazi, ambaye nyumbani anaongea Kimalei kilichochanganyika na Kihokkien. Wote ni Wachina, lakini wa Kihokkien na wa Kikantoni wakiongea kila mmoja lugha yake hawaelewani. Ukitaka kueleza kwa lugha yao, utaanza na ipi? Na katika shule nyingine walikuwemo pia Wahindi, Waurasia (watu wa damu ya Kizungu na Kiasia) na Wamalei.

Kwa hiyo Kiingereza kwa Kiingereza kilichaguliwa pale kwa sababu hapakuwa na pengine pa kushika. Nalisema hili makusudi, maana leo njia hiyo inauzwa kwa wazazi kama ugunduzi wa kisasa na kulipiwa ada nene. Ilianza kama dawa ya darasa lisilo na lugha moja.

Kilichoipa nguvu zaidi ni mitihani na zawadi. Mwaka 1885 serikali ilianzisha ufadhili wa kwenda kusoma Uingereza, ukaitwa Queen's Scholarship. Kisha ikaja mitihani ya Cambridge, ileile ambayo baadaye watu wa Tanganyika, Kenya na Uganda waliijua vizuri sana. Mtihani ulikuja kwa Kiingereza, ukasahihishwa na watu wasiojua kama mtahiniwa ana lugha nyingine yoyote. Kichina hakikuwa na alama za kumpeleka mtoto Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mzazi mwenye akili alijua aweke nguvu wapi.

Vitabu vitatu, madarasa mawili

Tuache majina ya shule kidogo tuangalie kazi yenyewe. Chukua maneno mawili mepesi ya Kiingereza, "three books". Mtoto wa Kikantoni nyumbani anasema saam bun syu: tatu, kisha neno la kuhesabia vitu vya aina ya kitabu, kisha kitabu. Kitabu kiwe kimoja au mia, syu inabaki syu. Sisi tunaosema kitabu kimoja, vitabu vitatu, wazo la wingi linatujia lenyewe. Kwake ni jambo geni. Halafu kuna ulimi. Silabi ya Kikantoni huishia kwenye irabu, au kwenye m, n, ng, p, t, k. S ya mwisho haimo. Na "books" inamtaka afunge neno kwa k na s kwa mpigo.

Kwa hiyo mvulana anaposema "three book", mwalimu hajui kosa limekaa wapi. Huenda hajui kwamba wingi unatakiwa. Huenda anajua fika, ila ulimi haujafika.

Katika darasa la Stewart, mwalimu anayejua Kikantoni anamaliza nusu ya kwanza kwa sentensi moja: Waingereza wakizidisha kitu huongeza sauti mwishoni, na hawana neno letu la kuhesabia hapo katikati. Kwisha. Mvulana anaandika sentensi zake za kutafsiri, na s zote zipo kwenye daftari. Lakini mwite asome kwa sauti, s zinapotea, kwa sababu hakuna aliyemsumbulia ulimi.

Katika darasa la Singapore mwalimu anaweka kitabu kimoja mezani, anasema. Anaweka vitatu, anasema. Anaita mmoja, anaita wa pili, wanarudia. Baadhi wanadhani mabadiliko yanahusu rangi ya kitabu au mahali kilipowekwa. Inachukua siku kadhaa hadi wazo liwakae wote, na wapo wasioling'amua kabisa wakaendelea kuigiza. Ila kufikia siku hiyo wameisikia s hiyo mara nyingi sana na kuitamka mara nyingi vilevile, na haiwatoki tena.

Ukiniuliza, hapo ndipo tofauti yote ilipo. Tafsiri hufupisha njia ya kuelewa na kuacha mdomo nyuma. Lugha tupu huuzoesha mdomo na kumwacha nyuma mtoto mzito wa kubahatisha maana. Mwalimu anayechagua anatakiwa aseme ni hasara ipi kati ya hizo mbili anaweza kuirekebisha baadaye. Mimi naona matamshi hurekebishika kwa urahisi zaidi kuliko miaka miwili ya mtoto aliyekaa nyuma bila kuelewa.

Walibaki na lugha zipi?

Upande wa Hong Kong, mfano mzuri kuliko wote ni yule Tong King-sing wa shule ya Brown. Alikuwa mkalimani, kisha wakala mkuu wa Kichina wa kampuni ya Jardine Matheson, kisha mwaka 1873 akakabidhiwa kuongoza kampuni ya meli ya wafanyabiashara wa China. Na kabla ya hayo yote, mwaka 1862, alitoa kitabu cha juzuu sita cha kuwafundisha Wakantoni Kiingereza, maelezo yakiwa kwa lugha yao na kwa matamshi ya Kikantoni. Huyo alizimudu lugha zote mbili kiasi cha kuweza kuwasaidia wengine kuvuka. Robert Ho Tung alitoka Central School akaenda forodha ya Canton, halafu naye akaingia Jardine, akawa tajiri mkubwa wa Hong Kong. Sun Yat-sen naye alipita pale kati ya 1884 na 1886, na shule hupenda kumtaja, lakini tusiihesabie: Kiingereza alikwisha kukianza Hawaii.

Upande wa pili una majina makubwa zaidi, hilo lazima likubaliwe. Lim Boon Keng wa Raffles Institution alikuwa Mchina wa kwanza kupata Queen's Scholarship, mwaka 1887, akasomea udaktari Edinburgh. Wu Lien-teh wa Penang Free School alikwenda Cambridge, na ndiye daktari aliyeongoza vita dhidi ya tauni ya 1910 na 1911 huko Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China. Kiingereza chao kiliwafikisha kokote.

Lakini soma yaliyowapata. Lim alipofika Edinburgh aliaibika kwa kushindwa kusoma maandishi ya Kichina aliyoulizwa, na wanafunzi waliotoka China hawakumwona kama mwenzao. Aliporudi Singapore alijifunza kwa bidii, akaanzisha madarasa ya Kimandarini, yaani Kichina rasmi, nyumbani kwake, na mwaka 1899 yeye na wenzake wakafungua Singapore Chinese Girls' School, ambako Kimalei na Kichina vilikuwa na nafasi yao karibu na Kiingereza. Hatimaye alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Amoy, kule China, kuanzia 1921. Wu alipofika China mwaka 1908 ilimbidi ajifunze Kimandarini akiwa mtu mzima. Gu Hongming, mzaliwa wa Penang aliyepata shahada Edinburgh, vivyo hivyo: Kichina cha vitabu alikitafuta ukubwani, kisha akageuka mtetezi mkali wa mila za Kichina kuliko waliozaliwa Peking. Watu wenye vipaji vya namna hiyo waliweza kufidia. Wanafunzi wa kawaida waliokaa nao dawati moja sidhani kama walipata nafasi hiyo.

Wapenzi wa njia ya Hong Kong nao wasishangilie haraka. Ho Kai alisoma Central School, akapelekwa Uingereza akiwa mdogo, akarudi daktari na mwanasheria. Makala zake za siasa za kuitaka China ijirekebishe aliziandika kwa Kiingereza, na Hu Liyuan, aliyepitia shule hiyohiyo, ndiye aliyeziweka katika Kichina. Na Yung Wing, mvulana mwingine wa Brown, alihitimu Yale mwaka 1854, akarudi nyumbani na kulazimika kujifunza upya lugha aliyozaliwa nayo. Nusu kwa nusu hulinda lugha ya mtoto pale tu anapobaki ndani ya nusu kwa nusu. Akihamishiwa upande mmoja kabla hajakomaa, yanampata yaleyale ya Singapore.

Gharama, kwa ufupi

Njia ya Hong Kong inahitaji walimu wa namna mbili, au mmoja anayejua lugha mbili, na huyo ni adimu. Njia ya Singapore inahitaji mwalimu mmoja, lakini Kiingereza chake lazima kiwe safi, kwa sababu wanafunzi hawana pengine pa kukisikia. Walimu kutoka Uingereza walikuwa wachache kote kuwili, na madarasa ya chini yalishikwa na wenyeji waliojifunza katika shule hizohizo. Makosa ya mwalimu katika darasa la lugha tupu yanakuwa ndiyo lugha yenyewe. Katika darasa la tafsiri angalau kuna kitabu cha kumpingia.

Sasa uchague

Kama darasa lako limechanganyika, mathalani shule ya Dubai au Nairobi yenye watoto kutoka nchi saba, usijisumbue: shika njia ya Singapore. Huna lugha ya kuegemea. Ila mwambie mzazi wazi kwamba lugha ya nyumbani itabidi ailinde yeye, na aanze mapema, asingoje mtoto afike chuo kikuu.

Kama wanafunzi wote wana lugha moja na wewe unaijua, nasimama na Stewart. Darasa la shule ya kata ya Kitanzania, ambako kila mtoto anajua Kiswahili, linafanana na Gough Street kuliko Amoy Street, na kulifundisha kama la Singapore ni kuitupa nyenzo uliyopewa bure. Eleza kwa Kiswahili, tafsirisha pande zote mbili, kisha chukua kitu kimoja kutoka Singapore: kila kipindi kiwe na sehemu ya kusema kwa sauti, isiyo na tafsiri hata chembe, mtoto mmoja mmoja. Malalamiko ya Hennessy yangeweza kujibiwa kwa hilo bila kupunguza saa za Kichina.

Mtu wa tatu ndiye mwenye kazi ngumu, naye yupo: Mtanzania au Mkenya anayefundisha Kiswahili chuoni China. Wanafunzi wake wote wanajua Kimandarini, yeye hajui. Analo darasa la Hong Kong na mikono ya mwalimu wa Singapore. Wengi hujikuta wanaonyesha picha na kuchezesha mikono wiki nzima ili kueleza ngeli ambazo zingeelezwa kwa Kichina ndani ya dakika kumi. Kwake ningependekeza ratiba ya Brown: mwalimu wa Kichina anayejua Kiswahili achukue vipindi vya sarufi na tafsiri, mgeni achukue mazungumzo, na kila Ijumaa wakae pamoja wapitie madaftari, ili anayefundisha kusema ajue wiki hii wameelezwa nini.